Land Rover ya zamani hailiwi na kutu? Si kweli

Ujumbe huu haukauki kwenye magrupu ya WhatsApp: Land Rover za zamani, zile za Series (matoleo ya mwanzo kabisa), ni alumini tupu, kwa hiyo nunua bila wasiwasi wa kutu. Nusu yake ni kweli, na hiyo ndiyo inayopotosha. Sehemu kubwa ya bodi ni aloi ya alumini. Weka sumaku kwenye bonati, haitanasa. Ila chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari zima, ni chuma, na ukuta kati ya injini na dereva pia ni chuma.

Chesisi ina uwazi ndani. Matope na maji hukaa humo, ikaoza kutokea ndani huku nje rangi nyeusi mpya ikimeremeta (rangi mbichi chini ya gari kuukuu itiliwe shaka). Ingia uvunguni na nyundo ndogo na bisibisi, ugonge hasa boriti ya nyuma kabisa na karibu na vishikio vya springi. Chuma kizima hulia; kilichooza hutoa mlio bubu, au bisibisi huzama. Sumaku isiponasa kwenye chesisi, huenda tundu limezibwa kwa puti.

Hata alumini huliwa inapogusana na chuma penye unyevu: rangi huvimba, chini yake unga mweupe. Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Atakayeuamini anaweza kuishia na chesisi iliyooza, na kuibadilisha ni kushusha bodi nzima.