Mukene si Hongo

Jumamosi iliyopita, huko Ntinda, afande mmoja mstaafu alinitazama nikimfundisha mbwa wake kutoa mkono, akatikisa kichwa, akasema, "Mwalimu, mbona unamhonga mbwa wangu?" Nilimjibu kwa heshima, "Simhongi, afande, ninamlipa." Hata hivyo, kwa kuwa nimekwisha kuulizwa swali hilo na karibu kila mwenye mbwa kati ya Kampala na Entebbe, nimeona afadhali niandike jibu refu mara moja, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa nami niendelee na kazi.

Tofauti ya hongo na malipo haimo katika chakula, imo katika wakati. Hongo huonyeshwa kabla ya tendo, na malipo hutolewa baada yake. Mbwa aliyezoea hongo hukukagua mikono kwanza, na akiiona mitupu huenda zake. Aliyezoea malipo hutenda kwanza, kisha hungoja haki yake, kama askari wa lango anavyokesha mwezi mzima bila mtu kumpungia noti usoni kila jioni. Kinachonikera ni kwamba wanaolalamika kuwa mbwa wao hatii bila chakula ndio hao hao wanaotikisa mfuko wa mukene, yaani dagaa, kwanza, ndipo wamwite. Mbwa huyo amejifunza barabara kabisa. Alichofundishwa ndicho kibaya.

Kumfundisha kutoa mkono si kazi kubwa. Chukua mukene mkavu, au ini lililochemshwa na kukatwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, kabla mbwa hajala posho yake. Fumba kipande kimoja katika ngumi, uishushe usawa wa kifua chake, kisha unyamaze. Atanusa, atalamba, atanung'unika. Mara tu atakapoigusa ngumi kwa mguu wa mbele, sema "Ndiyo!" na ufumbue papo hapo, kwa sababu ukichelewa sekunde tatu atakuwa amekwisha kugeuka kumtazama kuku wa jirani, nawe utakuwa umemlipa kwa kumtazama kuku.

Baada ya mara tano au sita, ngumi iwe tupu, na malipo yatoke katika mkono mwingine uliofichwa mgongoni. Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, ilhali ndiyo inayoigeuza hongo kuwa malipo: mbwa hugundua kwamba tendo lake ndilo linaloleta chakula, hata kama chakula chenyewe hakionekani. Kisha badala ya ngumi mpe kiganja kilicho wazi. Neno "mkono" lije mwisho kabisa, wakati anapotoa mguu bila kusita, kwa maana mbwa hajui Kiswahili wala Kiganda, na kulirudia mara kumi akiwa amekutumbulia macho kunamfundisha kwamba neno hilo ni kelele tu. Dakika tatu kwa siku zinatosha.

Jambo hili si geni. Mwanasaikolojia wa Marekani Edward Thorndike alichapisha mwaka 1898 majaribio yake ya paka waliojifunza kufungua masanduku ili wapate chakula, na baadaye mwenzake B. F. Skinner akaonyesha kwamba tendo linalolipwa mara moja moja hudumu kuliko linalolipwa kila mara. Kwa hiyo mbwa akishafahamu, mlipe safari hii, mruke ile. Afande alicheka hapo, akasema mshahara usiojulikana siku yake anaufahamu vizuri.

Swali lake la pili lilinishinda kidogo: je, mbwa aliyezoea kula mkononi mwa mtu hatakula nyama yenye sumu ya mwizi? Nimewafundisha mbwa kadhaa kukataa chakula cha mgeni, nao walikikataa vizuri nikiwa nimesimama pale. Usiku wa manane, mbwa akiwa peke yake na nyama iko chini, siwezi kuapa. Nilimshauri afande awe anamlisha mbwa ashibe kabla ya kumfungulia banda, na aukague ua kila asubuhi.