Mfumo Endeshi wa Mezani Juu ya Klasta ya Binafsi: Dhana Potofu na Ukweli

Mtu anayefaulu kuunganisha kompyuta nane kwenye swichi moja ya mtandao na kuona taa zake zikimeta huwa na hamu inayoeleweka: kuwasha Windows, macOS au Ubuntu juu ya lundo hilo zima, yaani klasta, kufungua kivinjari, na kuona kila kitu kikifunguka kwa nguvu ya mashine nane. Hamu hiyo hutokana na namna tunavyozoea kuiwazia kompyuta kuu (supercomputer), yaani kama kompyuta ya kawaida iliyonenepeshwa. Dhana potofu nyingi zinazozungumzwa hapa chini ni matawi ya wazo hilo moja, ndiyo maana dhana ya kwanza imepewa nafasi kubwa kuliko nyingine.

Dhana: Klasta ni kompyuta moja kubwa, na mfumo endeshi utaviona viini vyote

Klasta ni kompyuta nyingi zilizounganishwa, na kila nodi, yaani kila kompyuta iliyomo, ina prosesa zake, RAM yake na nakala yake ya mfumo endeshi. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, husimamia vifaa vilivyo kwenye ubao mama wa mashine yake tu. Prosesa iliyo kwenye nodi jirani haihesabiki kwake kuwa prosesa. Ni sehemu ya mashine ngeni inayofikiwa kwa pakiti za mtandao, kama inavyofikiwa seva yoyote iliyo mbali. Ukiwa na nodi 8 zenye viini 8 (vitengo vya kufanyia kazi ndani ya prosesa) kila moja, hakuna dirisha litakalokuonyesha viini 64 kwa pamoja. Utaonyeshwa viini 8, mara nane, katika mifumo minane isiyojuana.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu aina hii ya klasta ilipoanza. Mwaka 1994 Thomas Sterling na Donald Becker, wakiwa katika kituo cha Goddard cha NASA nchini Marekani, waliunganisha kompyuta 16 zenye prosesa za Intel 486 DX4 kwa mtandao wa Ethernet na kuliita kundi hilo Beowulf. Kila mashine iliendesha Linux yake. Kilichozifanya kuwa chombo kimoja ni programu zilizoandikwa kwa makusudi ya kupelekeana ujumbe, na mwaka huohuo ndipo toleo la kwanza la kiwango cha MPI (Message Passing Interface), ambacho hadi leo ndicho lugha ya mawasiliano ya klasta nyingi, lilipotolewa. Mwandishi wa programu ya MPI huamua tangu mwanzo nani atashika sehemu ipi ya hesabu, nani atampelekea nani matokeo, na wakati gani wote watasubiriana. Kivinjari, lahajedwali na programu ya kuhariri picha hazikuandikwa hivyo. Zinadhani kwamba nyuzi zao zote, yaani kazi ndogo zinazoendeshwa sambamba ndani ya programu, zinasoma kumbukumbu moja, na dhana hiyo ni kweli ndani ya nodi moja tu.

Kwa hiyo anayewasha eneokazi (desktop) kwenye klasta yake anakuwa amewasha eneokazi la nodi moja. Nyingine saba zinakula umeme na kusubiri kuitwa.

Dhana: RAM ya nodi zote hujumlishwa

Mtu akisoma kwamba klasta fulani ina gigabaiti 256 za RAM, ni rahisi kudhani kwamba anaweza kufungua faili la gigabaiti 200. Ikiwa kiasi hicho kimegawanyika kwa nodi nane, kila nodi ina gigabaiti 32, na huo ndio ukomo wa programu ya kawaida.

Tatizo linajitokeza vizuri zaidi tukitazama mwendo wa data. Prosesa ikihitaji kitu kutoka kwenye RAM iliyo jirani yake hukipata kwa takribani nanosekunde 100. Ujumbe mdogo unaopita kwenye Ethernet ya gigabiti moja kwenda nodi nyingine huchukua makumi ya mikrosekunde, yaani mamia ya mara zaidi. Kwa upande wa wingi wa data, njia moja ya RAM ya aina ya DDR4-3200 hupitisha hadi gigabaiti 25.6 kwa sekunde, ilhali kebo ya gigabiti moja haizidi megabaiti 125. Hata InfiniBand, mtandao wa gharama unaotumika katika vituo vikubwa, unaopeleka ujumbe kwa mikrosekunde moja au mbili, bado uko nyuma ya RAM kwa mara kumi na zaidi. Mshale wa kipanya ukihitaji kuomba ruhusa kwa nodi ya pili kila unaposogea, mtumiaji atalihisi jambo hilo mapema sana.

Dhana: Inatosha kupata programu ya kuziunganisha zionekane kuwa mashine moja

Hii ndiyo dhana yenye ukweli mwingi zaidi ndani yake, na ndiyo maana imewapotezea watu muda mrefu. Programu za namna hiyo zimekuwapo kweli. MOSIX, na baadaye openMosix iliyochipuka kutoka kwake mwaka 2002, ziliifanya Linux iweze kuhamisha mchakato mzima, yaani programu inayoendeshwa, kutoka nodi yenye kazi nyingi kwenda nodi iliyopoa, bila programu yenyewe kujua. Kulikuwa hata na CD ya ClusterKnoppix, ambayo mtu aliitia kwenye kompyuta kadhaa na kupata klasta bila kusakinisha chochote.

Hata hivyo openMosix ilihamisha mchakato, haikuukatakata. Programu moja nzito ilibaki kwenye nodi moja, na programu zilizotumia kumbukumbu ya pamoja kati ya michakato yake, kundi ambalo lina programu nyingi za mezani, hazikuhamishika. Aliyenufaika ni mtu mwenye kazi ishirini ndogo zisizohusiana. Mradi huo ulifungwa mwaka 2008, na kiongozi wake alieleza kwamba prosesa za bei nafuu zenye viini vingi zilikuwa zimepunguza haja ya mbinu hiyo. Nadhani alikuwa sahihi: viini vingi vilivyo juu ya RAM moja vinampa mtumiaji wa eneokazi kile ambacho klasta inamnyima.

Njia ya pili ni kumbukumbu ya pamoja ya kuigiza, ambapo programu fulani huleta ukurasa wa kumbukumbu kutoka nodi nyingine kila unapohitajika. Ukurasa wa kawaida una baiti 4096. Sasa tuseme nyuzi mbili zilizo kwenye nodi mbili zinaandika namba mbili tofauti ambazo kwa bahati mbaya zimeangukia ukurasa mmoja. Ukurasa huo utasafiri huku na huku kila mmoja anapoandika, ingawa hakuna anayeihitaji namba ya mwenzake. Programu za kisayansi huweza kupangwa upya ili kuepuka hali hiyo, lakini mtumiaji hana namna ya kupanga upya kumbukumbu ya kivinjari chake.

Dhana: Nodi zikiongezeka maradufu, kasi nayo huongezeka maradufu

Gene Amdahl, mbunifu wa kompyuta, alieleza mwaka 1967 kwa nini sivyo. Kazi ikiwa na asilimia 10 isiyoweza kugawanywa, nodi 16 zitaiharakisha mara 6.4 tu, na hata ukileta nodi elfu hutafikisha mara 10. Hesabu hiyo haijaingiza muda wa mtandao. Kazi nyingi za mezani zina sehemu isiyogawanyika kubwa kuliko hiyo, kwa sababu zinamsubiri binadamu abonyeze kitufe.

Dhana: Windows na macOS haziwezi kabisa kuendesha klasta

Baada ya yote yaliyotangulia, baadhi ya watu huangukia upande wa pili na kusema kwamba klasta ni mali ya Linux peke yake. Ni kweli kwamba tangu Novemba 2017 kompyuta zote zilizomo katika TOP500, orodha ya kompyuta 500 zenye kasi zaidi duniani, zinaendesha Linux. Lakini hilo ni chaguo la wenye mashine, lililotokana na gharama za leseni, uhuru wa kurekebisha kerneli na mazoea ya watafiti. Maumbile ya mifumo mingine hayaizuii kuendesha klasta.

Mwaka 2003 chuo kikuu cha Virginia Tech kilikusanya Power Mac G5 zipatazo 1,100, kompyuta zilezile zilizokuwa zikiuzwa kwa wasanifu wa picha, zikiendesha Mac OS X. Mashine hiyo, System X, ilishika nafasi ya tatu duniani mwezi Novemba mwaka huo kwa teraflopi 10.28, yaani hesabu trilioni 10.28 kwa sekunde. Upande wa Microsoft, Windows Compute Cluster Server 2003 ilitoka mwaka 2006 na kufuatiwa na Windows HPC Server 2008, ambayo iliendesha Dawning 5000A ya Shanghai ilipoingia nafasi ya kumi mwezi Novemba 2008. Mwaka huohuo kampuni ya Cray iliuza CX1, mashine ndogo ya kukaa ofisini yenye hadi nodi nane, ikiwa na Windows hiyohiyo.

Katika mifano yote hiyo eneokazi halikutandazwa juu ya nodi. Kila nodi ilikuwa na mfumo wake, na kazi ziligawanywa na programu ya kusimamia foleni ya kazi na programu za MPI, sawasawa na ilivyo kwenye Linux. System X inafundisha jambo jingine pia: Power Mac hizo hazikuwa na RAM inayosahihisha makosa yake yenyewe, na mwaka 2004 nafasi zao zilichukuliwa na seva za Xserve zilizokuwa nayo. Biti moja ikigeuka kwenye kompyuta ya nyumbani, huenda mtu asigundue maishani. Ikigeuka katikati ya hesabu ya siku tatu kwenye mashine 1,100, matokeo yote yanatiliwa shaka.

Dhana: Mashine pepe itatatua kila kitu

Mifumo ya kusimamia mashine pepe, yaani kompyuta zinazoigizwa na programu ndani ya kompyuta halisi, Proxmox ikiwa mojawapo, huziita nodi zake klasta, na neno hilo linachanganya. Mashine pepe yenye Windows inaweza kuhamishwa kutoka nodi moja kwenda nyingine ikiwa inaendelea kufanya kazi, lakini kwa wakati wowote ule inakaa ndani ya nodi moja na haiwezi kupewa viini vya nodi mbili.

Dhana: Basi mtumiaji wa mezani hana cha kufanya na klasta

Anacho, alimradi eneokazi libaki kwenye nodi moja na kazi nzito zitumwe kwingine. Filamu ya katuni yenye fremu 240 inayotengenezwa kwa programu ya Blender inaweza kugawanywa fremu 30 kwa kila nodi kati ya nane, na karibu hakuna fremu inayoihitaji mwenzake. Anayekompaili programu kubwa, yaani kugeuza msimbo wake kuwa programu inayoendeshwa, anaweza kutumia distcc kupeleka mafaili kwenye nodi nyingine na kuunganisha matokeo kwake. Mfumo wa X Window, uliozaliwa MIT mwaka 1984, huruhusu programu iendeshwe kwenye nodi ya tano na dirisha lake litokee kwenye skrini iliyo mbele yako. Kwa maoni yangu, huo ndio ukaribu mkubwa zaidi na ile ndoto ya mwanzo, nao haukuhitaji kompyuta kuu.

Jina lenyewe, kompyuta kuu ya binafsi, limezidi kuwachanganya watu siku hizi. DGX Spark ya NVIDIA huuzwa kwa sifa ya namna hiyo, na kweli inaendesha eneokazi linalotokana na Ubuntu bila tabu yoyote, kwa kuwa ni mashine moja yenye viini 20 vya Arm na gigabaiti 128 za kumbukumbu inayotumiwa kwa pamoja na prosesa na kitengo cha michoro. Ukiunganisha mbili kwa kebo ya kasi, modeli kubwa ya lugha inaweza kugawanywa kati yake. Maeneokazi yanabaki mawili, moja kwa kila mashine.