Je, wajua kwa nini enka iliyoteguka mara moja huteguka tena?

Fuatilia mechi za mchangani hapa Dar, iwe Tandale au Mbagala, hukosi kumuona mchezaji aliyejifunga bendeji kwenye enka. Muulize, atakwambia aliteguka, akapona, kisha akateguka tena mguu uleule. Wengi huamini huo umeshakuwa mguu mbovu. Mara nyingi sivyo. Mguu ulirudishwa uwanjani kabla haujapona.

Kifundo cha mguu kimefungwa kwa kano, nyuzi ngumu zinazoshikanisha mfupa na mfupa. Upande wa ndani kano ni pana na imara, ila upande wa nje zipo tatu, nyembamba zaidi. Ndiyo maana ukiruka kutoka kwenye daladala ambayo haijasimama, ukakanyaga ukingo wa mtaro, unyayo hupindukia ndani na uzito wote huangukia kano za nje. Ile ya mbele ndiyo huchanika kwanza: nyuzi chache, au nusu, au yote. Damu inayovujia ndani ndiyo weusi unaouona siku zinazofuata ukishukia kisigino. (Yule anayejishika nyama za paja katikati ya mbio ana shida nyingine, kwake ni msuli umechanika.)

Sasa tuje kwenye huko "kupona". Maumivu yanaweza kupungua sana ndani ya wiki moja au mbili, lakini kano hupata damu kidogo na huunga taratibu. Ikiwa imechanika sana, huchukua wiki 6 hadi 12, pengine miezi kadhaa. Tena kuunga peke yake hakutoshi. Ndani ya kano mna ncha za neva zinazoujulisha ubongo mguu umekaaje. Unapokanyaga jiwe, taarifa hupanda na misuli ya upande wa nje hukaza ili unyayo usipinduke. Kano ikichanika, taarifa hizo huvurugika, na misuli hukaza ikiwa imechelewa. Mguu hauumi tena, ila umepoteza mlinzi wake.

Jambo hili unaweza kuliona mwenyewe. Simama peku kwa mguu mmoja, utazame nyuma ya fundo la nje, ule mfupa uliotokeza pembeni ya enka: kano za misuli (hizi hushikanisha msuli na mfupa, si zile zilizochanika) zinachezacheza bila kukoma, zikikusawazisha. Kisha simama kwa mguu uliowahi kuteguka. Mara nyingi huo huyumba zaidi.

Nyumbani, mtu akiteguka tu, hukimbiliwa maji ya moto na kuchuliwa. Naelewa mapenzi yaliyomo humo, lakini siku mbili tatu za mwanzo joto na kuchua huongeza uvimbe. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 20, funga bendeji isiyobana sana, inua mguu. Baada ya hapo anza kuuchezesha kidogo kidogo, maana kulala nao wiki nzima nako huudhoofisha.

Je, mfupa umevunjika? Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walichapisha kanuni ambayo bado inatumika: ikiwa huwezi kupiga hatua nne, au mfupa unauma ukibonyezwa kwenye ncha ya fundo au ukingo wake wa nyuma, kapige eksirei. Mfupa wa katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, au ule ulio juu ya upinde wa ndani, ukiuma ukibonyezwa, ni vivyo hivyo. Usianzie kwa mchuaji.

Uvimbe ukishuka na ukaweza kuubebesha mguu uzito, anza mazoezi ya mizani. Simama kwa mguu huo unapopiga mswaki, asubuhi na usiku. Ukizoea, fumba macho, ukiwa karibu na ukuta wa kushikilia. Kabla ya kurudi kwenye mechi, ruka kwa mguu huo mmoja, mbele na pembeni. Ukijikuta unausitia, bado.