Homa Imeshuka, Mapafu Bado Yanajengwa

Katika kampeni ya mafua ya ndege tunayoipitisha shehia kwa shehia hapa Pemba, maswali karibu yote huwa ya kuku. Mama mmoja wa Wete ndiye aliyeuliza jengine: mtu akishanusurika, si ameshapona? Hapana, mama.

Virusi vya H5N1, ndivyo vinavyoleta mafua haya ya ndege, haviishii puani kama mafua ya kawaida. Huzama hadi kwenye vifuko vya hewa, pale oksijeni inapoingia katika damu. Kuta za vifuko zina chembe bapa zinazopitisha hewa, na chembe nene zinazotoa ute wa kuzuia vifuko visigandamane. Chembe nene ndizo mafundi wa akiba: ukuta ukibomoka, hugawika na kugeuka bapa. Msiba ni kwamba H5N1 huvamia hasa hao mafundi, ndiyo maana matengenezo huchukua miezi. Pale ambapo hata msingi wa ukuta umechanika, mwili huziba kwa kovu, na kovu halipitishi hewa. Watu walionusurika na H7N9, mafua mengine ya ndege yaliyozuka China mwaka 2013, walipopimwa baada ya mwaka mzima, baadhi yao mapafu yalikuwa bado hayajarudi sawa.

Kinga nayo hutoka vitani imechoka. Chembe nyeupe za damu zilizopungua hupanda tena, lakini walinzi wa ndani ya mapafu, wale wanaomeza bakteria, huwa wamekufa kwa wingi. Hapo ndipo kichomi kinapopata mlango. Mgonjwa aliyepata nafuu kisha homa ikamrudia, na kohozi likabadilika rangi, aletwe hospitali siku hiyo hiyo. Asingoje tarehe ya kliniki.

Na tafadhalini, antibiotiki haziui virusi! Tumesema redioni, tumesema misikitini, na bado vidonge vilivyobaki vinagawanywa jirani kwa jirani. Dawa ya virusi hivi ni oseltamivir, na hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili ya kwanza. Antibiotiki ataandika daktari akiona bakteria wameingia.

Najua msimu wa karafuu haumngoji mtu. Lakini aliyetoka kwenye oksijeni juzi asipande mkarafuu. Aanze kutembea uani, kisha hadi barazani, kisha msikitini. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema, akae. Siku ya kliniki aje na karatasi ya ruhusa aliyopewa wodini, picha za kifua za mwanzo na vidonge anavyotumia, hata vya kisukari au presha. Bila picha za mwanzo hatuna cha kulinganisha.

Kuku wakifa kwa mkupuo, msiwachinje wala kuwatupa baharini. Mjulisheni sheha, sheha atamwita ofisa mifugo, naye atachukua sampuli na kuelekeza namna ya kuwafukia. Kuficha ugonjwa wa mifugo ni kosa kisheria, na kuwapakia botini kuku wa banda lenye ugonjwa kwenda kuuzwa Unguja ni kosa kubwa zaidi, maana unauhamisha ugonjwa kisiwa kizima.

Aliyeugua asirudishwe kusafisha banda. Kazi hiyo aifanye mwengine, akiwa amevaa barakoa na glavu, na anyunyize maji kwanza ili vumbi la kinyesi lisiruke.