Leseni ya kufungisha ndoa: ni ya nani, na wachumba wanadaiwa nini?

Anayesoma habari za harusi mtandaoni hukutana mara kwa mara na maneno "leseni ya ndoa", akadhani ni karatasi ambayo bwana na bibi harusi hawana budi kuiomba kabla ya siku yao. Dhana hiyo ina kwao, nako ni Marekani, ambako wachumba huenda wenyewe katika ofisi ya kaunti, wakachukua leseni, kisha wakamkabidhi atakayewafungisha. Tanzania Bara utaratibu ni mwingine. Leseni, kwa kawaida, ni ya mfungishaji, na wanachodaiwa wachumba ni kutoa taarifa ya nia yao ya kufunga ndoa.

Msingi wa mambo haya ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo leo ni Sura ya 29 ya sheria za nchi. Sheria hiyo inaruhusu ndoa kufungwa kiserikali, Kiislamu, kwa taratibu za dini nyingine, au kimila. Wanaofunga ndoa ya serikali huenda kwa msajili wa ndoa, na ndiyo maana watu husema fulani amefunga ndoa bomani, yaani katika ofisi ya mkuu wa wilaya. Kiongozi wa dini naye huhitaji leseni inayotolewa na Msajili Mkuu wa Ndoa, ambaye kazi zake zimo ndani ya Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, maarufu kama RITA. Upadri, uchungaji au usheikh ni daraja la kidini, nayo leseni ni mamlaka ya kisheria. Mtu anaweza kuwa na la kwanza kwa miaka thelathini bila kuwa na la pili.

Hapo ndipo wachumba wengi huteleza, kwa sababu wanaona aibu kuuliza. Kumwuliza mchungaji aliyekubatiza kama ana leseni kunaonekana kama kumtilia shaka. Mimi naona ni heshima, kwake na kwa ndoa yenyewe. Swali lenyewe ni fupi: "Baba mchungaji, shikamoo. Tunaomba kujua kama leseni yako ya kufungisha ndoa bado inatumika, na kama kitabu cha vyeti unacho." Mfungishaji aliye makini halioni kuwa swali la ajabu, na mara nyingi hukuonyesha mwenyewe kabla hujamaliza. Akizungusha maneno, au akisema cheti kitafuata baadaye bila kueleza kitatoka wapi, ni bora kumwomba aliye na leseni katika dhehebu hilo hilo aje kufungisha, na yeye abaki na mahubiri na baraka.

Je, ikigundulika baadaye kwamba aliyefungisha hakuwa na mamlaka? Sheria haikuwaacha wanandoa bila kinga. Ndoa iliyotimiza masharti mengine haivunjiki kwa sababu hiyo pekee, isipokuwa kama wote wawili walijua siku ile kwamba mtu huyo hana mamlaka, nao wakaridhia. Kinga hii ni ya wasiojua. Haikuwekwa kwa ajili ya waliojua wakanyamaza ili shughuli isiahirishwe, ilhali kadi zimekwisha gawiwa na ukumbi umelipiwa.

Deni la wachumba wenyewe, yaani ile taarifa ya nia, hutolewa kwa msajili au kwa mfungishaji si chini ya siku 21 kabla ya ndoa. Ndani yake huandikwa majina na umri wao, majina ya wazazi, na hali ya kila mmoja, iwe hajawahi kuoa au kuolewa, ameachika au amefiwa. Baada ya hapo nia hiyo hutangazwa, na wale wanaosali kanisani wanajua vizuri siku majina yao yanaposomwa mbele ya waumini. Lengo la kutangaza ni kumpa nafasi mwenye pingamizi halali. Mke wa ndoa ya wake wengi, kwa mfano, anaweza kupinga mumewe asiongeze mke mwingine ikiwa ndoa hiyo itamletea yeye na familia dhiki, akieleza hali ya kipato cha mume. Leseni inayowahusu wachumba moja kwa moja huja katika hali ya pekee tu, pale Msajili Mkuu anaporuhusu ndoa ifungwe bila kusubiri siku hizo 21.

Kuhusu umri, maandishi ya sheria ya 1971 yaliweka miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke. Mahakama Kuu ilitamka mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo mwaka 2019. Mfungishaji anayekubali kumfungisha msichana wa miaka 16 kwa kuwa baba yake ameridhia si wa kuchaguliwa na mtu yeyote.

Siku yenyewe wanatakiwa mashahidi wasiopungua wawili. Wasichaguliwe kwa ukaribu tu, bali wawe watu wazima wanaoelewa kinachofanyika, kwa maana wao ndio watakaoulizwa iwapo siku moja ndoa itabishaniwa. Cheti hujazwa na kutiwa saini baada ya viapo au nikaha, mara nyingi juu ya meza ndogo iliyozungukwa na wapiga picha, huku kila mtu ana haraka ya kwenda ukumbini. Someni kwanza. "Zaituni" ikiandikwa "Zeituni", au mwaka wa kuzaliwa ukitofautiana na ule wa kitambulisho cha taifa, kosa la herufi moja litawarudisha ofisini siku ya kudai mafao au mirathi, pengine mmoja wenu akiwa hayupo tena kueleza.

Waliooana kimila hawana kitabu cha vyeti mezani, kwa hiyo jukumu la kwenda kwa msajili ni lao wenyewe, ndani ya siku 30 tangu siku ya ndoa. Kutosajili hakubatilishi ndoa hiyo, wala mahari ambayo haijamalizika haiibatilishi, lakini bila cheti mwanandoa hubaki kutegemea kumbukumbu za wazee waliokuwepo siku hiyo. Zanzibar ina sheria na mahakama zake za kadhi, hivyo wanaofunga ndoa Unguja au Pemba waulize huko huko.