Je, wajua kwa nini mpira wa mkojo unaweza kumtoa mgonjwa damu?

Mjomba wangu aliletwa kutoka Bahi mkojo ukiwa umemziba tangu usiku. Tezi dume ilikuwa imekua, na kibofu kimejaa hadi kinaonekana chini ya kitovu. Wodini hapa Dodoma akawekewa mpira, yaani bomba laini linalopitishwa kwenye njia ya mkojo hadi kibofuni ili mkojo utoke, akapata usingizi. Usiku uliofuata alizinduka amechanganyikiwa, akaushika ule mpira akauvuta. Shuka likalowa damu. Tuliokuwa tukimuuguza tukabaki kujiuliza: kimpira laini namna ile kinamchanaje mtu?

Jibu liko kwenye ncha. Mpira unaotumika sana hospitalini huitwa Foley, kwa jina la Frederic Foley, daktari wa Marekani aliyeutengeneza miaka ya 1930. Karibu na ncha yake kuna kiputo. Mpira ukishafika kibofuni, muuguzi huchukua bomba la sindano na kusukuma maji safi, mara nyingi mililita 10, kupitia tundu la pembeni. Kiputo kinavimba, na hicho ndicho kinachouzuia usichomoke. Sasa ukivutwa kiputo kikiwa bado kimejaa, kinalazimishwa kupita kwenye njia nyembamba isiyokitosha, nayo inachanika.

Kiputo hichohicho kinaweza kuumiza hata wakati wa kuwekwa. Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, sentimita 4 hivi. Ya mwanamume hufika sentimita 18 hadi 20, ina kona, na kabla ya kibofu inapenya katikati ya tezi dume. Kwa mzee mwenye tezi kubwa, mpira unaweza kukwama hapo. Anayeuweka akidhani umefika, akaanza kusukuma maji, kiputo kinavimbia ndani ya njia yenyewe. Ndiyo maana kwa mwanamume wauguzi hufundishwa kuuingiza karibu wote, hata kama mkojo umeshaanza kutoka, kisha maji yasukumwe taratibu, na mgonjwa akilalamika maumivu waache mara moja. Hapo ndipo sisi ndugu tunapokosea. Tunamwambia mzee, "Vumilia, baba." Jamani, tusimnyamazishe. Kilio chake ndicho kinachomwambia muuguzi kwamba kiputo kiko mahali pabaya.

Kwa majeruhi wa bodaboda tahadhari ni kubwa zaidi. Nyonga ikivunjika na damu ikaonekana kwenye tundu la mkojo, huenda njia imeshachanika ndani, na mpira ukisukumwa kienyeji unaweza kuikata kabisa. Kwanza inachunguzwa kwa picha ya eksirei yenye dawa maalumu.

Damu yenyewe mara nyingi hukoma. Kinachonisikitisha ni kovu. Kidonda cha ndani kikipona huweza kuibana njia, na miezi au hata miaka baadaye mtu anakojoa mkojo mwembamba kama uzi, anakaa chooni muda mrefu, na huenda akahitaji kupanuliwa njia au kufanyiwa upasuaji.

Kuna na maambukizi, ambayo hatari yake huongezeka kila siku mpira unapobaki ndani. Mfuko unaopokea mkojo kutoka kwenye mpira unatakiwa kuwa chini ya usawa wa kibofu bila kugusa sakafu. Sisi tulipompandisha mjomba kwenye bajaji kwenda kupigwa picha, niliupakata mfuko mapajani mwangu, juu kuliko kibofu chake, kwa nia njema kabisa, na mkojo wa zamani ukarudi ndani. Tangu siku ile nikawa namuuliza daktari kila asubuhi kama mpira bado unahitajika.

Mpira wa pili walimbandika kwa plasta pajani, wakauachia ulegevu kidogo ili asiuvute akijigeuza. Siku ya kuutoa nilisimama pembeni. Muuguzi aliunganisha bomba la sindano kwenye lile tundu la pembeni, maji yakarudi taratibu hadi alama ya 10, na mpira ukateleza nje bila mjomba kukunja uso.