Mapakacha Kumi na Mawili, Boti Moja

Nyumba nyingi za Mkomani na Langoni, mitaa ya mji wa Lamu kisiwani, hula mboga iliyovuka maji. Mchicha, nyanya, muhogo na maembe hutoka mashamba ya bara, Hindi, Mpeketoni na Witu, hushushwa jeti ya Mokowe, huingia botini, kisha hupita vichochoroni juu ya punda au kwa mkokoteni. Kila mkono unaoshika mzigo huo huongeza bei, na ni haki yake. Ninaloona si sawa ni majirani kumi wa kichochoro kimoja kuvuka kila mmoja siku yake, kwa nauli yake, kufuata kilo nne za nyanya na muhogo wa futari.

Watu wanaokuja kwetu kuuliza habari za kuchukua mazao kwa pamoja huanza na chombo: tumkodi nani, kwa shilingi ngapi? Mimi ni afisa ugani, na jibu langu ni kwamba chombo kitapatikana. Vikundi nilivyoona vikivunjika havikuvunjikia majini. Vilivunjikia kwenye daka la nyumba, pale mlangoni, mzigo umeshafika salama, watu wamesimama juu ya lundo la nyanya na hakuna ajuaye lake ni lipi.

Kwa hiyo anzeni na hesabu. Nyumba kumi na mbili zinatosha. Zikizidi ishirini, mgawo huchukua mchana kutwa. Wawekeni watu wawili wawili kwa zamu, wavuke kila Jumamosi. Kwa mpango huo kila nyumba huvuka mara moja tu katika wiki sita. Nasema wawili kwa sababu mmoja huhesabu mzigo unaposhuka garini na mwenzake hubaki na ule uliokwisha kushuka. Mtu mmoja jetini, na simu sikioni, hupotelewa na gunia bila kujua.

Gharama ziandikwe wazi. Tuseme, kwa mfano tu, boti, hamali na punda vimefika shilingi 1,800: ni 150 kwa nyumba. Waliokwenda zamu wasidaiwe nauli yao juu ya hiyo, wameshatoa asubuhi yao.

Fedha za mazao zitumwe kwa M-Pesa kabla ya Alhamisi adhuhuri, kwa mweka hazina mmoja, naye atume orodha kwa mkulima. Mkulima avune kilicholipiwa tu. Mtindo wa kumlipa mkulima kabla ya mavuno umeenea duniani. Wajapani wana utaratibu wao waitao teikei tangu miaka ya 1970, na Marekani mashamba ya kwanza ya aina hiyo yalianza 1986. Kule mnunuzi mara nyingi hulipia msimu mzima. Hapa sishauri hivyo kwa kikundi kipya. Mvua za mwaka zikinyesha njia za mashambani huwa tope, na nyani wakiingia shambani usiku hawabakishi hindi. Lipeni wiki kwa wiki, mkubaliane mapema kwamba wiki ya hasara fedha zinasogea mbele na si kurudishwa. Mkulima asiyebebeshwa hasara peke yake ndiye atakayewakumbuka maembe yakiwa machache.

Sasa bahari. Saa za maji husogea kwa dakika kama hamsini kila siku. Fanyeni hesabu: siku saba ni karibu saa sita, yaani Jumamosi mliyokuta maji yamejaa saa tatu asubuhi hufuatwa na Jumamosi ya maji kupwa saa hiyo hiyo. Mkiandika "saa tatu kila Jumamosi" kwenye karatasi ya zamu, wiki moja mtashusha mapakacha ukutani bila kuinama na wiki ya pili mtayabeba juu ya matope. Muulizeni nahodha siku mbili kabla, na saa ibadilike kwa mujibu wa maji.

Mzigo wenyewe una adabu zake. Mboga za majani zivunwe alfajiri, zifunikwe gunia bichi, zisiguswe na turubai la plastiki linalozipika juani. Pakacha la makuti ni bora kuliko gunia kwa nyanya na maembe, maana linapitisha hewa na halibonyei mzigo ukipangwa. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, naona pakacha limepata heshima yake tena. Embe lichumwe na kikonyo kifupi. Likikatwa shingoni utomvu hutiririka na kuunguza ganda, na baada ya siku mbili pana madoa meusi. Muhogo usivunjwe shingo wala kuchubuka: ndani ya siku mbili tatu huanza kuwa na mistari myeusi, kwa hiyo wa Ramadhani uagizwe kidogo kidogo.

Na msiweke papai bivu pamoja na mchicha. Nilifanya hivyo mwenyewe, nikauacha mzigo wa kikundi sebuleni usiku mmoja kwa sababu boti ilichelewa. Tunda linaloiva hutoa hewa inayoyafanya majani yawe manjano. Asubuhi nilikuwa na vifungu vya mchicha ambavyo hata mbuzi wa jirani alivinusa akaenda zake. Nililipa.

Tunarudi dakani. Tandikeni mkeka, pangeni mafungu kumi na mawili, kilo kwa mizani, na nyanya zilizobonyea zigawanywe sawa, zisirundikwe fungu la mwisho. Kisha mmoja ageuke, autazame ukuta. Mwenzake aguse fungu aulize, "Hili la nani?" Aliyegeuka ataje jina. Aliyepanga mafungu apewe litakalobaki. Mtaona mafungu yanavyolingana.

Asiyefika hadi Magharibi? Kubalianeni kabla: fungu lake lende kwa nyumba yenye mgonjwa au mzee, na fedha zake zisirudi. Mkiliamua siku hiyo hiyo, mbele ya mwenye fungu, mtagombana.

Mkitaka akaunti ya benki, sajilini kikundi kwa afisa wa maendeleo ya jamii, kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya 2022. Lakini hilo lisiwazuie kuanza. Wiki nne za kwanza agizeni vitu vitatu tu: nyanya, muhogo na mboga moja ya majani. Mayai yasubiri hadi mumjue mwenye punda, na jinsi anavyoipakia shogi, ule mfuko wa mizigo wa mgongoni mwa punda.